DJI Mini 4 Pro safarini Jamaika: gramu 249 zina kazi gani huko?

Tangu ilipoingia sokoni Septemba 2023, DJI Mini 4 Pro imekuwa ikiuzwa kwa sifa moja inayotangulia nyingine zote, nayo ni kwamba uzito wake haufiki gramu 250. Sifa hiyo ina sababu. Nchini Marekani, mtu anayerusha droni kwa kujifurahisha halazimiki kuisajili ikiwa iko chini ya uzito huo, na nchi nyingine kadhaa zimeweka mstari wao hapohapo au karibu yake. Ndiyo maana watengenezaji walibana kila gramu hadi wakafika 249. Tathmini hii, hata hivyo, nimeiandika kwa ajili ya msafiri wa aina moja tu: yule anayefunga mizigo kwenda Jamaika kwa mapumziko, kumtembelea ndugu au kuhudhuria harusi, na anayetaka kurudi na picha za angani bila kugombana na polisi, mlinzi wa hoteli au mwenye shamba. Kwa msafiri huyo hukumu yangu ni kwamba chombo ni kizuri na picha zake zinapendeza, lakini ule wepesi alioulipia haumpi nafuu yoyote mbele ya sheria ya Jamaika, kwa kuwa mambo ambayo sheria hiyo inayaangalia ni mengine kabisa, na katika hayo Mini 4 Pro inafaulu baadhi na kusuasua katika mengine.

Msimamizi wa anga ya Jamaika ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, ambayo hujulikana kwa herufi zake JCAA. Mstari wake wa uzito umechorwa kwenye ratili 15, yaani kilo 7 hivi. Anayerusha droni isiyozidi uzito huo kwa burudani yake binafsi hahitaji kibali cha mamlaka. Anayerusha chombo kizito zaidi, au anayerusha kwa kazi ya kulipwa hata kama chombo chake ni kidogo kiasi gani, anahitaji kibali kabla ya kuruka. Maana yake ni kwamba Mini 4 Pro yenye gramu 249 na droni nyingine yenye kilo 5 zinasimama mstari mmoja. Kinachoangaliwa ni mwendeshaji anarushia wapi, juu kiasi gani, karibu na nani na kwa nia gani. Masharti yenyewe si mengi: asipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, ambazo ni kama mita 120, asiache kuiona droni kwa macho yake mwenyewe, aruke mchana tu, asiukaribie uwanja wa ndege ndani ya kilomita 5, na asiwakaribie watu, majengo wala mali ya mtu ndani ya mita 150 bila ridhaa ya wenyewe.

Msomaji aliyezoea taratibu za Afrika Mashariki huenda akashangaa. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2020, humtaka mwenye droni apitie kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, kabla hata ya kuiingiza nchini, na Tanzania nayo hutaka kibali kwanza, kuruka baadaye. Jamaika imeacha mlango wa mbele wazi, ila vyumba vingi vya ndani vimefungwa, na ni juu ya mgeni kujua kipi ni kipi kabla ya kushika kitasa. Wala asidhani kwamba visiwa vyote vya Karibi viko hivyo. Kuba, ambayo iko kaskazini tu mwa Jamaika, hairuhusu msafiri kuingia na droni bila idhini iliyotolewa mapema, na maofisa wa forodha huizuia uwanjani. Barbados nayo humtaka mgeni aombe ruhusa kabla ya safari. Antigua na Barbuda, Dominica, Grenada, Saint Kitts na Nevis, Saint Lucia pamoja na Saint Vincent na Grenadines zina mamlaka moja ya pamoja ya usafiri wa anga iitwayo ECCAA, yenye utaratibu wake. Kwa hiyo anayepanga kuzungukia visiwa vitatu au vinne katika safari moja achague droni na njia kwa kuangalia kisiwa kilicho kikali kuliko vyote. Ikiwa Havana iko kwenye ratiba, droni ibaki nyumbani.

Nirudi Jamaika, na nianze na sharti la kilomita 5, kwa sababu ndilo linaloyala maeneo mengi ambayo mgeni huyaota. Kisiwa ni kidogo, na viwanja vyake vya ndege vimekaa palepale watalii walipo. Uwanja wa Sangster uko ndani ya Montego Bay. Kutoka hapo hadi ufukwe wa Doctor's Cave ni kama kilomita mbili na nusu tu kwa mstari ulionyooka, na barabara nzima ya mahoteli na baa ambayo tangu 2019 inaitwa Jimmy Cliff Boulevard imo ndani ya duara hilo la kilomita 5. Hapo hakuna mjadala, na ukiinua macho utaelewa sababu, maana ndege kubwa kutoka Amerika ya Kaskazini na Ulaya hupita chini chini kuelekea njia ya kutua. Kingston hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mji umebanwa na viwanja viwili. Norman Manley uko kwenye Palisadoes, ule ulimi mwembamba wa ardhi unaoikinga bandari, na Tinson Pen uko magharibi mwa mji karibu na gati. Ukichora duara la kilomita 5 kuzunguka Tinson Pen, unakuta limemeza katikati ya mji wa zamani na karibu New Kingston yote, huku Devon House, jumba la kale linalopendwa na wapigapicha, likibaki nje kidogo ya ukingo. Anayesimama hapo akisema amepona kwa mita mia chache anajidanganya, kwani makazi ya Gavana Mkuu na ofisi ya Waziri Mkuu viko jirani, na hakuna mlinzi wa eneo hilo atakayekuwa na subira ya kusikiliza hesabu zake.

Port Royal inanihuzunisha kuliko zote. Mji huo uliokuwa maskani ya maharamia wa Kiingereza, ambao sehemu yake kubwa ilizama baharini katika tetemeko la ardhi la tarehe 7 Juni 1692, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2025, na kila mwenye droni angependa kuziona kuta za Fort Charles na maji yaliyofunika mitaa ya kale kwa jicho la ndege. Lakini Port Royal iko kwenye ncha ya ulimi uleule wa Palisadoes. Kutoka katikati ya uwanja wa Norman Manley ni kama kilomita tano na nusu, na kutoka mwisho wa njia ya kurukia upande wa magharibi umbali unapungua chini ya tano, tena ndege zinazotua au kupaa kwa upande huo hupita karibu mno. Namshauri mtu yeyote asiruke hapo bila kuwaandikia JCAA kwanza.

Negril inahitaji ramani mkononi. Kiwanja kidogo cha ndege kiko mwisho wa kaskazini wa ule ufukwe mrefu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mchanga mweupe imo ndani ya duara, ilhali majabali ya West End, pamoja na mnara wa taa na mkahawa maarufu wa Rick's ambako watu huruka majini kutoka mwambani, yako zaidi ya kilomita 10 kusini. Huko West End uwanja wa ndege si kizuizi tena. Kizuizi ni umati wa watu unaojazana Rick's kila jioni kungoja jua lizame. Upande wa kaskazini, uwanja wa Ian Fleming ulioko Boscobel unaifunika Oracabessa lakini hauifikii Ocho Rios. Mahali ninapopapenda ni Portland, parokia (yaani wilaya) ya kaskazini-mashariki mwa kisiwa. Kiwanja cha Ken Jones kiko magharibi ya kutosha kiasi kwamba Port Antonio yenyewe, Blue Lagoon na Boston Bay, kule nyama ya jerk, iliyokolezwa pilipili na viungo, inakochomwa hadi leo, vyote viko nje ya duara, na ukijiepusha na nyumba za watu unaweza kuruka kwa amani.

Katika kazi hii programu ya DJI ya kwenye simu inasaidia, ila si kwa kiwango ambacho wengi hudhani. Ramani yake huonyesha maeneo ya tahadhari kuzunguka viwanja vikubwa, lakini imechorwa na kampuni, haikuchorwa na JCAA, na mipaka yake haifuati duara la kilomita 5 la sheria ya Jamaika. Droni ikikubali kuwasha mota, hiyo inaonyesha tu kwamba mtengenezaji hakuizuia. Mimi hutumia ramani ya kawaida ya simu, nikapima umbali kwa kidole kutoka kwenye kiwanja hadi nilipo, na sijaona njia bora zaidi.

Jambo la pili linalohitaji umakini ni futi 400, na hapa umbo la ardhi ya Jamaika linamtega mtumiaji wa Mini 4 Pro kwa namna ambayo ufukwe wa Dar es Salaam au Mombasa usingemtega. Namba ya urefu inayoonekana kwenye kioo cha rimoti au simu hupimwa kutoka pale droni ilipopaa, wala si kutoka ardhi iliyo chini yake wakati huo. Kwenye ufukwe tambarare vipimo hivyo viwili ni kitu kimoja. Lakini nenda Lovers' Leap katika parokia ya St. Elizabeth, ambako jabali linashuka baharini kwa zaidi ya mita 500. Ukirushia droni ukingoni na kuipeleka mbele mita hamsini tu, kioo kitaandika kwamba uko mita 10 juu, ilhali kati ya droni na maji kuna zaidi ya nusu kilomita ya hewa, na kwa kipimo cha sheria umeshavuka kikomo mara nne. Mtego huo uko hata kwenye Milima ya Blue, ambayo kilele chake kina mita 2,256 na ambayo pamoja na ile ya John Crow imekuwa Urithi wa Dunia tangu 2015. Anayerusha kutoka kwenye ukingo wa barabara kuelekea bondeni anavunja sheria huku programu ikimwonyesha namba za kutuliza moyo, na anayerusha kutoka bondeni kuelekea mlimani anaweza kuwa mita 100 juu kwa kipimo cha kioo na mita 5 tu juu ya mibuni kwa kipimo cha macho. Mini 4 Pro ina vitambuzi vya kuona vizuizi pande zote, na hiyo ni nafuu kubwa milimani, ingawa matawi membamba na nyaya za umeme huvipita. Kwa suala la urefu kutoka ardhini, hata hivyo, hakuna kitambuzi kitakachomkumbusha mwendeshaji; ni lazima akilini mwake awe na picha ya ardhi. Programu huanza na kikomo cha mita 120, na mtumiaji anaweza kukipandisha hadi mita 500. Kwa Jamaika kiachwe kilivyo.

Sasa nifike kwenye mita 150, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazoamua kama droni hii inafaa au haifai. Kamera ya Mini 4 Pro ni nzuri kwa ukubwa wake: kihisi cha inchi 1/1.3, tundu la f/1.7, picha hadi megapikseli 48, video ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, na hata 4K kwa fremu 100 kwa anayetaka mwendo wa polepole. Inaweza pia kuzungusha kamera isimame wima kwa wale wanaopiga kwa ajili ya kuangaliwa kwenye simu. Tatizo ni lenzi. Ni moja tu, na ni pana, sawa na milimita 24 kwa lugha ya wapigapicha. Ukiwa umekaa mita 150 kutoka kwenye kitu, kama sheria inavyotaka, fremu ya lenzi hiyo inabeba upana wa zaidi ya mita 200. Boti ya mvuvi inakuwa nukta. Maporomoko ya maji yanakuwa uzi mweupe kwenye kijani. Ukikuza kwa programu, kwa kuwa kamera haina ukuzaji wa lenzi, unakata picha na kupoteza makali yake, na mawimbi ya bahari ndiyo yanayoonyesha upotevu huo mapema kuliko kitu kingine chochote.

Linganisha na DJI Air 3, iliyotoka Julai 2023, ambayo ina kamera mbili, mojawapo ikiwa na lenzi ya milimita 70. Kutoka umbali uleule wa mita 150 lenzi hiyo inafunga fremu ya kama mita 77, na ghafla jabali lina sura, boti ina rangi na mtu aliyeketi ndani yake haonekani uso, jambo ambalo ni jema pia. Air 3 ina gramu 720. Kwa Marekani uzito huo unamaanisha usajili. Kwa Jamaika haumaanishi kitu, kwa sababu gramu 720 bado ni sehemu ndogo ya ratili 15. Kwa maneno mengine, mgeni wa Jamaika anayenunua Mini kwa sababu ya uzito amelipia msamaha wa sheria za nchi nyingine na kukosa lenzi ambayo sheria ya nchi anayokwenda inamfanya aihitaji. Duka lolote litakalokuambia kwamba iliyo chini ya gramu 250 huruka popote Karibi, lipe mgongo.

Ipo faida moja ndogo inayotokana na hali hii. Mini 4 Pro ina betri ya kawaida inayoipa dakika 34 kwa maelezo ya mtengenezaji, na betri kubwa zaidi, iitwayo Plus, inayoifikisha dakika 45. Wengi huiogopa Plus kwa sababu inaivusha droni juu ya gramu 250. Jamaika hofu hiyo haina msingi, na dakika za ziada zina thamani, si kwa kwenda mbali bali kwa kurudi bila wasiwasi pale upepo unapobadilika. Nakumbusha kwamba dakika zinazotangazwa hupimwa pasipo upepo. Juu ya bahari ya Karibi mtu apunguze robo na zaidi.

Upepo wenyewe ni mada. Jamaika iko kwenye njia ya pepo za kaskazini-mashariki zinazovuma karibu mwaka mzima, na juu yake huongezeka upepo wa bahari wa mchana, ambao Wajamaika huuita upepo wa daktari kwa jinsi unavyoburudisha. Unaanza kupata nguvu katikati ya asubuhi na kuwa mkali alasiri. Mini 4 Pro imepimwa kustahimili mita 10.7 kwa sekunde, takriban kilomita 38 kwa saa, na Air 3 mita 12. Tofauti kwenye karatasi ni ndogo. Angani unaiona, hasa droni inapotoka nyuma ya jabali na kukutana na upepo ambao haukuwepo pale ulipoirushia. Kwa Mini, saa nzuri ni kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi hivi, wakati upepo bado umelala, mwanga ni laini na fukwe hazina watu, jambo ambalo pia linakurahisishia zile mita 150. Jioni nayo hupendeza lakini ina ukomo mkali, kwa kuwa kuruka usiku hakuruhusiwi. Desemba jua huzama kama saa kumi na moja na nusu, na Juni kama saa kumi na mbili na dakika 45, kwa hiyo anayengoja rangi za machweo apange droni iwe imeshatua kabla ya giza. Chumvi ni adui mwingine. Chombo hiki hakina kinga ya maji ya aina yoyote, na ukungu wa mawimbi huingia kwenye mota bila kuonekana. Kukipangusa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi kila jioni ni kazi ya dakika chache. Propela za akiba zibebwe kutoka nyumbani.

Kuhusu masafa, nitasema kwa ufupi. Kampuni inatangaza kwamba mawasiliano kati ya rimoti na droni yanaweza kufika kilomita 20. Sheria inataka uione kwa macho. Kidude cha gramu 249, cha rangi ya kijivu, juu ya bahari inayometa, hupotea machoni kabla ya kufika nusu kilomita, kwa hiyo kilomita 19 na ushei zilizobaki ni za kwenye tangazo. Hapa udogo wa Mini unageuka kuwa hasara ya wazi: Air 3, ikiwa kubwa, huonekana kwa urahisi zaidi na hivyo humruhusu mwendeshaji mwaminifu aende mbali kidogo. Jambo linalohusiana na hilo ni rimoti. Mini 4 Pro ilitoka ikiuzwa dola 759 pamoja na rimoti ya RC-N2 inayotumia simu yako kama kioo, na dola 959 pamoja na RC 2 yenye kioo chake chenye mwanga mkali. Katika jua la Karibi kioo cha simu nyingi hufifia hadi mtu akalazimika kuinama na kujikinga kwa mkono, na aliyeinama hivyo hatazami angani. Dola 200 za tofauti si kidogo, lakini katika kifurushi chote hizo ndizo ningezitoa bila kusita.

Safari ya ndege haina shida kwa anayefuata kanuni za betri. Betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi tu, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini, na zile zisizozidi wati-saa 100 hazihitaji idhini ya shirika la ndege. Betri ya kawaida ya Mini haifiki hata wati-saa 20, na ya Air 3 ni kama 63. Zifunikwe ncha zake au zikae kwenye mfuko wake mmoja mmoja. Beba pia risiti ya ununuzi, maana ofisa wa forodha anayeona droni mpya ndani ya boksi lake ana haki ya kuuliza kama umekuja kuiuza.

Kuna sehemu ya ruhusa ambayo haiko mikononi mwa JCAA hata kidogo. Ufukwe mwingi wa Jamaika una mwenyewe, na hoteli nyingi hazitaki droni juu ya wageni wao wakiwa na nguo za kuogelea. Frenchman's Cove ni mali ya mtu, na mwenye kuingia hulipa kiingilio. Kiingilio hicho hakinunui anga. Dunn's River, maporomoko mashuhuri karibu na Ocho Rios, yako mbali na kiwanja chochote cha ndege, lakini hupandwa na watu walioshikana mikono mstari mrefu tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo bila ridhaa ya maandishi ya wasimamizi hakuna mita 150 utakazozipata. Tena Jamaika ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Desemba 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Mtalii mwenye picha za familia yake hatafutwi na sheria hiyo. Anayechapisha nyuso za watu kwa biashara ajihadhari. Vijijini nimeona kwamba kuomba kwa heshima kabla ya kufungua begi hufanya kazi kuliko kuonyesha kanuni zilizochapishwa, na mara nyingi aliyeombwa ndiye anayekuonyesha mahali pazuri zaidi pa kurushia.

Neno hilo biashara linawagusa wengi wanaosoma tathmini za droni. Mtu anayepiga video ya harusi kwa malipo, anayeandaa tangazo la nyumba ya kupanga, au ambaye hoteli imempa chumba bure ili aisifu mtandaoni, asijifiche nyuma ya burudani. Kibali cha JCAA kinamhusu, kiombwe wiki kadhaa kabla ya safari, na kwa kazi ya filamu shirika la serikali la JAMPRO lina ofisi inayowaelekeza wageni. Mteja akikuhimiza uruke kwanza na karatasi zifuate, mwache atafute mwingine.

Nina angalizo kuhusu kusini-magharibi. Kimbunga Melissa kilitua huko tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa cha daraja la 5, kikaiharibu vibaya Black River na vijiji vya St. Elizabeth na Westmoreland. Paa lililong'oka ni nyumba ya mtu, na kulipiga picha kutoka juu bila kumwuliza ni ukosefu wa adabu kabla ya kuwa suala la sheria. Msimu wa vimbunga huanza Juni mosi na kuisha Novemba 30, na baada ya dhoruba yoyote helikopta za misaada huruka chini kwenye anga ileile ya mita 120 ambayo mwenye droni huiona ni yake. Wakati huo begi lisifunguliwe.

Je, nani ainunue? Aliye na Mini 4 Pro tayari aende nayo bila kujuta, achukue betri ya Plus, na aelekeze safari yake Portland na kwenye majabali yaliyo mbali na umati. Anayenunua upya kwa ajili ya Jamaika pekee, na ana uwezo, aende kwenye Air 3 au Air 3S kwa sababu ya lenzi ya milimita 70. Mwenye bajeti ndogo asione haya kutafuta Mini 3 ya mwaka 2022: haina vitambuzi vya pande zote, video yake ya 4K inaishia fremu 30 kwa sekunde, lakini inastahimili upepo sawa na ndugu yake, betri yake ya kawaida hudumu hadi dakika 38, na kwa mtu anayekaa mita 150 kutoka kwa kila kitu vitambuzi si hitaji la kwanza. Aipime kwanza nyumbani kwa siku yenye upepo, na ahakikishe mota zote nne hazitoi mkwaruzo, hasa kama ni ya mtumba.